Uvukizaji: kazi ngumu ya kupima maji yanayorudi angani

Mwezi Agosti mwaka 2022, katika Wiki ya Maji Duniani inayofanyika kila mwaka mjini Stockholm, Uswidi, Tuzo ya Maji ya Stockholm ilimwendea Profesa Wilfried Brutsaert, mzaliwa wa Ubelgiji aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani. Kwa zaidi ya nusu karne mhandisi huyo alikuwa akitafuta jibu la swali moja: ni kiasi gani cha maji kinachoondoka kwenye ardhi, mito na maziwa kikiwa mvuke?

Tuzo hiyo ilianza kutolewa mwaka 1991 na mlezi wake ni Mfalme Carl XVI Gustaf. Mara nyingi imewaendea watu na mashirika yaliyoshughulika na maji yanayoonekana kwa macho: maji taka, mito, visima na huduma za usafi. Kumpa mpimaji wa mvuke kulikuwa ni kulitambua jambo ambalo wataalamu wa Stockholm wamelisema kwa miaka mingi, kwamba sehemu kubwa ya mvua haifiki mtoni kamwe. Kwa wastani wa dunia nzima, takriban asilimia 60 ya mvua inayonyesha juu ya nchi kavu hurudi angani. Katika nyanda kame za Afrika Mashariki kiwango huwa kikubwa zaidi, na mito hubakiwa na sehemu ndogo tu.

Njia ya kuzunguka

Mvua hupimwa kwa chombo kilichowekwa uwanjani. Mto hupimwa kwa nguzo yenye alama na kwa kasi ya maji yanayopita. Mvuke hauna chombo cha kuukinga wala nguzo ya kuusoma, na kwa hiyo kila kipimo cha uvukizaji ni cha njia ya kuzunguka. Mtafiti ama hupima uzito wa maji yaliyopungua, ama nishati iliyotumika kuyageuza mvuke, ama unyevu unaobebwa na hewa inayopita juu ya uso husika.

Kila anayeanika nguo anayafahamu masharti yenyewe bila kufundishwa. Jua likiwaka, hewa ikiwa kavu na upepo ukivuma, nguo hukauka upesi. Wakati wa masika hewa imekwisha kujaa unyevu, na nguo hushinda kambani. Sharti jingine ni maji yenyewe: nguo ikishakauka, jua liwake litakavyo, hakuna kitakachotoka tena. Hapo ndipo uso wa ziwa unapoachana na uso wa shamba. Ziwa haliishiwi maji ya kuvukiza, udongo huishiwa.

Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke katika joto la nyuzi 20 za Celsius kunahitaji takriban megajuli 2.45 za nishati. Nishati hiyo huchukuliwa kutoka kwenye maji yenyewe na vitu vilivyo karibu, na ndiyo sababu maji ya mtungi wa udongo huwa baridi: mtungi hutoa jasho kupitia vinyweleo vyake, na jasho hilo likivukiza huondoka na joto.

Wataalamu hutumia milimita, kama ilivyo kwa mvua. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, yaani kilo moja ya maji. Uso unaopoteza milimita 5 kwa siku, jambo la kawaida katika nchi za joto, unatumia nishati sawa na ya balbu ya wati 140 inayowaka usiku na mchana juu ya kila mita ya mraba. Kwa kipimo hicho, anayeijua nishati inayofika ardhini ameshapata nusu ya jibu.

Sufuria ya Halley

Miongoni mwa majaribio ya mwanzo ya maabara ni lile la Edmond Halley, Mwingereza ambaye jina lake linajulikana zaidi kwa nyota yenye mkia. Mwaka 1687 alieleza jinsi alivyotia maji ya chumvi katika sufuria pana, akayapasha moto hadi yakafikia joto la hewa ya kiangazi cha Uingereza, kisha akaitundika sufuria kwenye mizani na kutazama uzito ukipungua kwa muda wa saa mbili. Mle chumbani hamkuwa na jua wala upepo. Kutokana na upungufu huo mdogo, alikadiria kwamba Bahari ya Mediterranean hupoteza tani milioni 5,280 za maji katika siku moja ya kiangazi.

Msomaji wa leo anaweza kutabasamu kwa jinsi alivyoruka kutoka sufuria hadi bahari. Hata hivyo, umbo la jaribio lenyewe limedumu: uso wenye eneo linalojulikana, joto lililowekwa kwa makusudi, mizani, na mwishoni hesabu ya kuvuka kutoka kitu kidogo kwenda kikubwa. Udhaifu wake nao umedumu, kwani kosa dogo ndani ya sufuria hugeuka kosa kubwa baharini.

Waswidi na hesabu ya jua

Uswidi iliingia mapema katika utafiti huu. Katika karne ya 18 Nils Wallerius wa Chuo Kikuu cha Uppsala alifanya majaribio ya uvukizaji wa maji na wa barafu, na matokeo yake yakachapishwa na Chuo cha Kifalme cha Sayansi, kilichoanzishwa Stockholm mwaka 1739. Kwamba barafu nayo hupungua uzito bila kuyeyuka ni jambo la maana katika nchi ambayo maziwa yake huganda kila mwaka.

Mchango uliofika mbali zaidi ni wa Anders Ångström, mtaalamu wa hali ya hewa aliyefanya kazi Stockholm katika taasisi ya taifa ya hali ya hewa na maji, ile ambayo mwaka 1975 ilihamishiwa mji wa Norrköping. Mwaka 1920 alichapisha utafiti kuhusu matumizi ya vipimo vya mionzi ya joto katika kukadiria uvukizaji wa maziwa. Badala ya kutafuta maji yaliyokwisha kuondoka, alitafuta nishati iliyoingia ziwani na kuuliza imekwenda wapi. Mwaka 1924 alitoa kanuni fupi inayounganisha saa za jua kuwaka na kiasi cha mionzi inayofika ardhini.

Kanuni hiyo imesafiri kuliko mwenyewe alivyoweza kutazamia. Vituo vingi vya hali ya hewa vya Kenya, Tanzania na Uganda vilikuwa na tufe la kioo linalokusanya miale ya jua na kuchoma mstari juu ya ukanda wa karatasi. Urefu wa mstari ndio saa za jua za siku hiyo. Kwa kanuni ya Ångström, alama ile ya moto hugeuzwa kuwa kipimo cha nishati, na nishati kuwa milimita za maji. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliiweka kanuni hiyo katika mwongozo wake wa mwaka 1998 wa kukadiria mahitaji ya maji ya mazao, mwongozo ambao ungali ukitumiwa na wapangaji wa umwagiliaji duniani kote.

Ndani ya chumba cha kuigiza hali ya hewa

Karne ya 20 ilileta vyumba ambamo hali ya hewa yenyewe inatengenezwa. Mwaka 1949, huko Pasadena nchini Marekani, Mholanzi Frits Went alifungua jengo lililopewa jina la fitotroni, ambamo joto, mwanga na unyevu viliweza kupangwa kwa matakwa ya mtafiti. Stockholm nayo ilipata fitotroni yake katika miaka ya 1960, katika Chuo cha Kifalme cha Misitu. Diter von Wettstein aliieleza kwa kina katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1967. Shabaha yake ilikuwa miche ya miti ya misitu ya kaskazini, ambayo hukua kwa kufuata urefu wa siku. Lakini aina hiyo ya mitambo ndiyo hiyo hiyo inayohitajika kwa anayetaka kupima uvukizaji pasipo kusubiri jua wala kuhofia mvua.

Chumba cha kupimia uvukizaji huwa na kuta zilizokingwa zisipitishe joto. Juu huwekwa taa zinazoiga jua, pembeni feni zinazoiga upepo, na mitambo ya kupoza hewa, kuikausha au kuitia unyevu. Ndani yake huwekwa vyombo viwili vyenye mdomo wa ukubwa mmoja. Kimoja kina maji matupu, cha pili kina udongo uliolowanishwa. Kila kimoja kimekaa juu ya mizani inayojiandikia uzito kila baada ya dakika chache. Chombo chenye mdomo wa sehemu ya kumi ya mita ya mraba hupungua gramu 100 kwa kila milimita moja inayovukiza. Mizani inayosoma gramu moja, kwa hiyo, humwonyesha mtafiti upungufu wa sehemu ya mia ya milimita. Hakuna chombo cha nje, penye upepo na ndege na vumbi, kinachoukaribia usahihi huo kwa urahisi.

Kinachoonekana ni cha kuvutia. Mwanzoni vyombo vyote viwili hupungua sambamba. Udongo uliolowa sawasawa hupoteza maji karibu sawa na maji matupu, kwa sababu maji hupanda kutoka chini kupitia vinyweleo vya udongo kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa. Katika kipindi hiki taa na feni ndizo zenye amri: ukiongeza mwanga au upepo, uvukizaji huongezeka.

Kisha, bila mtu kugusa kitu, mstari wa udongo huanguka. Utambi umekatika. Uso wa udongo hubadilika rangi ukawa mweupe-mweupe, na maji yaliyosalia chini hulazimika kugeuka mvuke huko huko ndani na kupenya polepole katika tabaka kavu. Sasa mtafiti anaweza kuongeza upepo apendavyo, na tofauti itakuwa ndogo. Chombo cha maji kinaendelea kama siku ya kwanza. Cha udongo kimejifunga chenyewe.

Hatua hizi mbili zinaeleza mambo ambayo wakulima wameyajua kwa mikono. Palizi ya juujuu mara baada ya mvua hukata utambi mapema na kuyaacha maji chini. Palizi hiyo hiyo ikichelewa hadi uso wa shamba umekauka, faida yake kwa maji huwa ndogo, kwani jua limekwisha kuifanya kazi hiyo. Matandazo ya majani hufanya kazi zaidi katika hatua ya kwanza, kwa kuuzuia mwanga na upepo visiufikie udongo. Na mvua za rasharasha zinazorudia uso ule ule kila siku mbili tatu ndizo zenye hasara kubwa, maana kila moja huanzisha upya hatua ya kwanza bila maji kufika kwenye mizizi.

Ila chumba ni chumba. Udongo uliochekechwa na kujazwa katika chombo hauna nyufa, mizizi wala mashimo ya mchwa. Kuta za chombo hupitisha joto pembeni. Miale ya taa haifanani kabisa na ya jua. Kubwa kuliko yote, hewa kavu ya chumbani hukutana na kiraka kidogo tu chenye maji, ilhali hewa inayovuka ziwa au shamba kubwa hujaa unyevu kadiri inavyosonga mbele, na kiu yake hupungua. Ndiyo sababu baadhi ya taasisi zimejenga vyumba vikubwa zaidi. Katika jengo la Biosphere 2 huko Arizona, Marekani, kuna miteremko mitatu ya udongo chini ya paa la kioo, kila mmoja wenye urefu wa mita 30, na yote imekaa juu ya vipimo vya uzito.

Fumbo la beseni

Nje ya maabara, chombo kilichoenea zaidi ni beseni la chuma lenye kipenyo cha sentimita 120.7 na kina cha takriban sentimita 25, likiwa juu ya fremu ya mbao. Kila asubuhi mtunza kituo hupima maji yamepungua kiasi gani. Katika Afrika Mashariki mara nyingi hufunikwa kwa wavu, la sivyo ndege na wanyama wangehesabiwa kuwa mvuke. Kwa kuwa jua hulipasha beseni kuanzia chini na pembeni, hupoteza maji zaidi kuliko ziwa; desturi ni kuzidisha tarakimu yake kwa takriban 0.7.

Beseni hizi zilizua fumbo. Katika miaka ya 1990 ilibainika kwamba katika sehemu kubwa za Marekani na iliyokuwa Umoja wa Kisovieti, uvukizaji wa beseni ulikuwa umepungua kwa miongo kadhaa, wakati ambapo dunia ilikuwa ikizidi joto. Mwaka 1998 Brutsaert na mwenzake Marc Parlange walitoa maelezo ambayo ni sehemu ya sababu za tuzo yake kueleweka vizuri. Ardhi inayozunguka beseni inapotoa mvuke mwingi zaidi, hewa juu yake hupoa na kujaa unyevu, na beseni hukosa ukavu wa kulinyonya. Beseni likipungua, basi, laweza kuwa ishara kwamba nchi inavukiza zaidi. Katika jangwa ni kinyume: beseni hupoteza maji mengi mno kwa sababu ardhi haina cha kutoa. Aliyelisoma beseni kama ziwa dogo alikuwa amesoma kiu ya hewa, si maji yaliyoondoka.

Muguga, Kericho na Mbeya

Mwaka 1948 Howard Penman wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, aliunganisha nishati ya jua na ukavu wa hewa katika mlinganyo mmoja, baada ya kulinganisha maji ya wazi, udongo mtupu na majani. Mlinganyo huo haukuchelewa kufika Afrika Mashariki. Huko Muguga, magharibi ya Nairobi, Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki liliufanyia kazi katika mazingira ya ikweta, na mwaka 1965 J. S. G. McCulloch alichapisha majedwali yaliyowawezesha maofisa wa vituo kukokotoa makadirio ya Penman kwa kalamu na karatasi.

Watafiti wa Muguga walijenga pia lisimita, yaani tangi kubwa la udongo lililozikwa ardhini na kukalia mifuko ya maji ambayo mgandamizo wake huonyesha uzito. Ni wazo la chumba cha maabara lililopelekwa chini ya jua halisi. Lisimita ya aina hiyo ilitumiwa Kericho kupima maji yanayotumiwa na chai.

Jambo lililokuwa likibishaniwa lilikuwa zito. Misitu ya vyanzo vya maji ilikuwa ikikatwa kupisha chai, misonobari na mashamba, na hakuna aliyekuwa na hakika mito itafanywaje. Chini ya uongozi wa H. C. Pereira, mabonde madogo yalipimwa mvua na mto kwa miaka mingi huko Kericho na Kimakia nchini Kenya, Mbeya nchini Tanzania na Atumatak katika Karamoja, Uganda. Ripoti kuu ya kwanza ilitoka mwaka 1962. Chai iliyokomaa ilionekana kutumia maji kwa kiwango kinachokaribiana na cha msitu. Mbeya, bonde lililolimwa lilitoa maji mengi zaidi mtoni kuliko lile la msitu, kwa kuwa mazao ya msimu hayana mizizi mirefu ya kuvuta maji wakati wa kiangazi. Tokeo hilo liliwashangaza wengi, na hata leo si rahisi kulisema mbele ya watu wanaopanda miti ili kuyarejesha maji ya chemchemi. Halina maana kwamba msitu hauna kazi: udongo wa bonde la Mbeya ulikuwa na uwezo usio wa kawaida wa kunyonya mvua, na kwingineko mteremko uliolimwa vile ungetiririsha matope.

Milimita moja juu ya Ziwa Victoria

Kwa maji ya wazi, hasara ya kosa dogo huonekana vizuri katika Ziwa Victoria. Ziwa hilo lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Takriban asilimia 80 ya maji yake huingia kwa mvua inayonyesha juu yake, na sehemu kubwa inayofanana na hiyo hutoka kwa uvukizaji. Mto Nile huko Jinja hupata masalio tu. Milimita moja kwa siku juu ya eneo hilo ni mita za ujazo milioni 68.8, sawa na karibu mita za ujazo 800 kwa kila sekunde, kiasi kisicho mbali na wastani wa mto wenyewe unapotoka ziwani. Anayekosea uvukizaji kwa milimita moja amekosea Nile nzima.

Hesabu hiyo haikubaki vitabuni. Kina cha ziwa kiliposhuka kati ya mwaka 2004 na 2006, mzozo ulizuka kama lawama ni ya ukame au ya maji yaliyofunguliwa kupita kiasi kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja. Kila upande ulihitaji kujua kiasi kilichokwenda angani, na hicho ndicho kilichojulikana kwa uhakika mdogo kuliko vyote.

Bwawa la Mtera kwenye Mto Ruaha Mkuu nchini Tanzania ni pana na lina kina kifupi. Likijaa huwa na takriban kilomita za mraba 600. Kila milimita inayovukiza hapo ni lita milioni 600 ambazo hazitapita kwenye mitambo ya umeme. Kwa upande mwingine, katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, uvukizaji huo huo ndio mwajiri. Huko hujulikana vyema kwamba maji hukauka polepole zaidi kadiri chumvi inavyozidi kukolea, jambo ambalo maabara huliona pia kwenye mizani.

Maji ya kijani

Mwanasayansi wa Stockholm aliyeibadili lugha ya mjadala huu ni Malin Falkenmark, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufariki dunia Desemba 2023. Wengi wanamfahamu kwa kiwango chake cha uhaba wa maji: nchi yenye chini ya mita za ujazo 1,700 kwa kila mtu kwa mwaka inakabiliwa na shinikizo, na chini ya 1,000 ni uhaba. Kiwango hicho kilihesabu mito na maji ya chini ya ardhi peke yake. Katikati ya miaka ya 1990 yeye mwenyewe alisisitiza kwamba hesabu hiyo haitoshi, akapendekeza majina mawili: maji ya buluu, yaani ya mito, maziwa na visima, na maji ya kijani, yaani mvua inayokaa katika udongo na kurudi angani kupitia mimea na uso wa ardhi. Kusini mwa Sahara takriban asilimia 95 ya ardhi ya kilimo hutegemea mvua. Kwa wakulima hao maji ya kijani ndiyo maji.

Mwenzake Johan Rockström, aliyefanya utafiti wake wa udaktari katika mashamba ya uwele ya Niger na kuhitimu Chuo Kikuu cha Stockholm mwaka 1997, alijaribu kuigawa mvua ya shamba la nchi kame. Makadirio yake yamenukuliwa sana: mazao hunywa asilimia 15 hadi 30 ya mvua ya msimu, huku asilimia 30 hadi 50 ikivukiza moja kwa moja kutoka kwenye udongo bila kulisha jani lolote. Iliyobaki hutiririka au kuzama chini ya mizizi.

Tarakimu hiyo ya kati ndiyo inayovifanya vile vyombo viwili vya maabara kuwa jambo la chakula. Mtama uliopandwa mbalimbali, katika udongo uliochoka, huacha ardhi wazi, na jua hula kabla ya mmea. Shamba likipata mbolea kidogo na mimea ikafunika ardhi mapema, sehemu ya mvuke huhama kutoka kwenye udongo kwenda kwenye majani, na mvua ile ile huzaa nafaka zaidi. Falkenmark na Rockström waliufafanua uhamisho huo katika kitabu chao cha mwaka 2004. Faida yake huwa kubwa pale mavuno yalipo duni, na hupungua kadiri shamba linavyostawi, maana hapo udongo umekwisha kufunikwa.

Wazo hilo lilijaribiwa katika bonde la Makanya, Wilaya ya Same, chini ya Milima ya Pare, kupitia mpango wa utafiti ulioanza mwaka 2003 na kuwahusisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Chuo Kikuu cha Stockholm na vyuo vya Uholanzi na Afrika Kusini. Wakulima wa huko wana ndiva, vibwawa vya asili vinavyokusanya maji ya vijito usiku ili kumwagilia mchana. Watafiti walipima mvua, unyevu wa udongo na mvuke katika mashamba yaliyolimwa kwa kupasuliwa mistari badala ya kupinduliwa, yaliyochimbwa mifereji ya kukinga maji na matuta ya fanya juu. Jina hilo la mwisho linatoka Kenya, ambako Uswidi ilisaidia mpango wa taifa wa hifadhi ya udongo kuanzia mwaka 1974.

Macho ya satelaiti

Tangu mwaka 2017 FAO imekuwa ikitoa ramani za WaPOR, zinazoonyesha uvukizaji wa Afrika kwa kutumia satelaiti. Satelaiti haioni mvuke ukipaa. Hupima joto la uso, rangi ya mimea na mwanga, kisha mlinganyo wa ukoo wa Penman hufanya kazi iliyobaki. Kwa skimu kubwa ya umwagiliaji picha hiyo inatosha kuonyesha mifereji ya mwisho isiyofikiwa na maji. Kwa shamba la nusu ekari, lenye mahindi, kunde na migomba pamoja, nukta moja ya ramani humchanganya mkulima na jirani zake.

Ugumu zaidi uko katika kutenganisha mvuke uliopitia kwenye jani na ule uliotoka kwenye udongo mtupu baina ya mistari. Kwa satelaiti yote hayo ni mvuke mmoja, na mgawanyo unaoonyeshwa kwenye ramani umetokana na hesabu. Kuuthibitisha kunahitaji bado mtu wa kuzika tangi dogo la udongo katikati ya mahindi, kulitoa alfajiri, kulipima kwenye mizani, na kulirudisha kabla jua halijachomoza.